Sponji, Jeti na Mlima Sekenke

Vijana wa kijiwe cha bodaboda hapa Ulemo wana ubishi mmoja usiokwisha. Mtu akifunga ekzosi ya mlio na kutoa sponji ya filta, je, ni lazima abadilishe na jeti ya kabureta, au pikipiki itajizoesha yenyewe? Nimeusikiliza ubishi huo miaka yote nikiwa nyuma ya kaunta ya duka la spea, na nimeona majibu yakibadilika kila ilipobadilika aina ya pikipiki iliyokuwa barabarani. Ndiyo maana sioni namna ya kuujibu bila historia. Lililokuwa kweli kwa Yamaha ya bwana shamba si kweli kwa SanLG, na lililo kweli Dar es Salaam laweza kuwa uongo huku Iramba.

Kwa asiyepajua kwetu: Ulemo iko Wilaya ya Iramba, mkoani Singida, upande wa Misigiri ambako njia ya Kiomboi inachepuka kutoka barabara kuu ya Singida kwenda Nzega. Tuko kwenye uwanda wa juu, takriban mita 1,500 kutoka usawa wa bahari. Ukielekea magharibi ardhi inakatika ghafla kwenye mlima Sekenke, na chini yake ni Shelui na mbuga ya Wembere. Sekenke hiyo ndiyo iliyotoa dhahabu ya Wajerumani, ile iliyofuliwa sarafu za Tabora mwaka 1916 vita ilipowabana. Leo madereva wa malori wanaijua kwa kona zake. Mimi naijua kwa pistoni. Ule mwinuko kutoka usawa wa bahari msomaji auweke akilini, maana ndio uliowadanganya mafundi wetu.

Duka lilianza na baba mkwe wangu, na lilikuwa la baiskeli. Aliuza spoku, boli za gololi, tairi na pampu za Phoenix, za Raleigh na za Swala iliyounganishwa hapahapa nchini. Pikipiki zilikuwa za watu wa kuhesabika: bwana shamba, bwana afya, mchungaji, mratibu wa elimu. Nyingi zilikuwa za Kijapani, Yamaha na Suzuki za injini ya stroki mbili, zile ambazo petroli yake inachanganywa na oili na zinapita zikiacha moshi wa buluu na harufu ambayo mtoto wa wakati ule hawezi kuisahau.

Imani zote za ekzosi tulizonazo zilizaliwa kwenye injini hizo. Stroki mbili haina valvu kama za gari. Moshi unatoka kwa tundu lililo ubavuni mwa silinda, na pistoni ndiyo inayolifungua na kulifunga. Wakati tundu liko wazi mafuta mapya nayo yanaingia, na sehemu yake inaponyoka pamoja na moshi. Kinachoyazuia yasipotee yote ni umbo la ekzosi: mgandamizo wa moshi unakimbia mpaka mwisho wa bomba, unagonga pale linaponywea, unarudi na kuyasukuma mafuta ndani ya silinda kabla tundu halijafungwa. Aliyeiboresha sana sayansi hiyo ni Mjerumani Walter Kaaden, katika kiwanda cha MZ, Ujerumani Mashariki, miaka ya 1950. Mwaka 1961 mkimbiaji wake Ernst Degner alitoroka katikati ya mashindano, akaenda Suzuki na ujuzi ule kichwani, na mwaka uliofuata Suzuki ikachukua ubingwa wa dunia wa pikipiki za sisi (cc) 50 huku Degner mwenyewe akiwa juu ya tandiko. Visa vya ujasusi hivyo. Lakini maana yake kwa fundi wa Iramba ilikuwa nyepesi: ekzosi ya stroki mbili ni kiungo cha injini, ukiitoboa umeitoboa injini.

Sasa tatizo lilikuwa masizi. Oili ile inayoungua na petroli iliziba ekzosi polepole, na pikipiki ikawa inapumua kwa shida. Fundi wa baba mkwe, aliyejifunza kazi kwa kuangalia wengine, alikuwa na dawa yake. Alifungua ekzosi, akaiweka juu ya moto wa kuni nyuma ya duka mpaka bati likawa jekundu na moshi mzito ukatoka pande zote mbili. Halafu aliilaza juu ya gunia lililoloweshwa maji, akaigongagonga kwa mchi. Masizi yalitoka vipandevipande, mengine makubwa kama ganda la embe. Bwana shamba akiiwasha, pikipiki ilikuwa imerudi ujana.

Watazamaji waliona nini? Waliona ekzosi imezibuliwa na nguvu zimeongezeka. Wakajumlisha kwamba ekzosi ikiwa wazi zaidi, nguvu zitazidi. Waliojaribu kwenda mbele, wakatoboa bomba kwa msumari au kukata mkia wake, walikuta pikipiki imepoteza mvuto chini, inamisi, na ili itembee ni lazima kabureta iguswe. Hapo ndipo mafundi wakatoa sheria waliyotuachia: ukigusa ekzosi, gusa na jeti. Kwa mashine zile walikuwa sahihi kabisa.

Kisha zikaja pikipiki za Kichina, na sheria ikahamia isikozaliwa.

Injini iliyojaza barabara zetu ni nakala ya Honda CG125. Honda waliitoa mwaka 1976, baada ya wahandisi wao kuona jinsi wateja wa nchi zinazoendelea wanavyoendesha bila kumwaga oili wala kukaza mnyororo. Wakatengeneza injini ya stroki nne, sisi 124, silinda ya milimita 56.5, yenye fito za kusukuma valvu badala ya mnyororo wa ndani, ili hata aliyeisahau kwa mwaka aikute bado inawaka. Viwanda vya China viliinakili kwa majina mengi, na sisi tukazipata kama SanLG, Fekon, Kinglion, T-Better na nyinginezo. Boxer za Bajaj na TVS kutoka India zilifuata na injini zao wenyewe. Mwaka 2010 zilipotoka kanuni za leseni za kubeba abiria kwa pikipiki na bajaji, biashara iliyokuwa ikifanyika kwa kujificha ikawa ajira halali. Kwangu spoku zilishuka kutoka rafu ya mbele hadi chini ya kaunta, na mahali pake zikakaa plagi, bendi za breki na jeti.

Vijana wakaanza kupamba. Kwanza taa, halafu matairi, halafu mlio. Wasio na hela ya ekzosi mpya walikwenda kwa mchomea vyuma, akaipasua ya zamani, akatoa utumbo wake wote, akaifunga tena. Kwa nje inaonekana ileile, kwa sauti inaamsha kijiji. Siku hizohizo mtu akaleta habari kwamba sponji ya filta inaibana injini, na sponji zikaanza kutupwa. Mimi niliyekuwa nauza sponji nikashangaa: wateja hawazinunui, lakini plagi zinakwisha.

Hapa sina budi kueleza kabureta inavyofanya kazi, kwa kifupi, maana ubishi wote umelala humo. Petroli inaungua vizuri ikipata hewa kwa uzito wa takriban 14.7 kwa 1. Ukitaka nguvu zote, mafuta yanaongezwa kidogo, hewa iwe kama 13 kwa 1. Kabureta haina akili ya kupima hayo. Hewa ikipita kwenye koo lake jembamba, mgandamizo unashuka, na petroli inanyonywa kupitia tundu la jeti. Kwenye kabureta za Keihin, namba iliyochongwa juu ya jeti inafuata upana wa tundu: 100 ni milimita moja. Sindano inayopanda na kushuka na resi inaamua mafuta ya katikati, na jeti kubwa inatawala resi ikivutwa mpaka mwisho. Aliyeiseti kiwandani aliiseti pamoja na boksi la filta na ekzosi yake.

Ukibadilisha ekzosi peke yake kwenye stroki nne ya sisi 125, unapata kelele na kitu kidogo sana kingine. Valvu ya moshi imeshafunga, hakuna mafuta yanayosubiri kusukumwa na wimbi lililorudi, na kinachoibana injini ile ni koo la kabureta na udogo wa valvu. Bomba la nyuma halina lawama kubwa. Mabadiliko ya mchanganyiko yapo, ila ni madogo kiasi kwamba kuinua sindano mkato mmoja kunatosha, na mara nyingi hata hilo halihitajiki. Kutoa sponji na kuliacha wazi boksi ni habari nyingine. Boksi lile lina mvuto wake ambao kabureta imezoea kuusikia. Likiondolewa, hewa inapita bila kizuizi, mnyonyo juu ya jeti unapungua, na mafuta yanakuwa pungufu hasa unapovuta resi yote. Mtu akifanya yote mawili kwa pamoja, ekzosi wazi na boksi wazi, jeti lazima ipande. Hilo ndilo jibu la kitabu.

Lakini vijana wa Ulemo walifanya yote mawili, hawakubadilisha jeti, na pikipiki zao zikaenda vizuri! Nyingine zilikwenda vizuri kuliko mwanzo. Basi wakasema kitabu kinadanganya.

Hakikudanganya. Kwenye mita 1,500 hewa ni nyepesi kuliko ya pwani kwa karibu asilimia 14. Kabureta iliyosetiwa kwa usawa wa bahari ikiletwa huku inatoa mafuta mengi mno kwa hewa inayopata, ziada ya kama asilimia 7, ambayo ni zaidi ya hatua moja ya jeti. Pikipiki zetu zilitoka kwenye maboksi zikiwa zinakunywa kupita kiasi na plagi zikitoka nyeusi. Kijana alipotupa sponji alipunguza mafuta yaliyozidi. Alichokiita kuongeza nguvu kilikuwa ni kuirudisha injini mahali ambapo jeti ndogo ya bei ya soda ingeifikisha, na sponji ikabaki mahali pake.

Fundi mmoja wa Kiomboi, mtu mzima sasa, ndiye wa kwanza niliyemwona akilifanya hilo kwa makusudi. Alikuja kununua jeti ndogo. Nikamwambia, "Kaka, wote wanataka kubwa." Akanijibu, "Wote wanaangalia ekzosi, Mama. Mimi naangalia mlima tunaoishi juu yake." Alishuka namba, akarudisha sponji aliyoiosha kwa petroli na kuipaka oili kidogo, na yule mwenye pikipiki akaondoka analalamika kwamba haina mlio.

Waliodanganyika waliujua ukweli wakiwa safarini. Wapo waliouza pikipiki zao Dar es Salaam, au kuzipeleka kwa ndugu Morogoro, zikiwa bila sponji na jeti ya kiwanda. Kule hewa nzito ilirudi, mafuta yakawa pungufu kwelikweli, plagi zikatoka nyeupe. Wengine hawakuhitaji kwenda mbali. Mtu anatoka Shelui na magunia mawili ya alizeti na abiria juu yake, anaanza kupanda Sekenke resi imevutwa yote, gia ya pili, jua la saa nane. Hakuna mahali injini inapochemka kama hapo, na mafuta pungufu hayana cha ziada cha kuipoza. Pistoni inatanuka, inanoki, tairi la nyuma linakaza katikati ya kona huku lori liko nyuma. Mungu akiwa mwema anatembea kwa miguu kuja kwangu.

Historia hii ina mchanganyiko mwingine uliowachanganya mafundi, na si haki kuwalaumu bila kuutaja. Waliokuwa wakisoma rangi ya plagi walijifunza wakati wa petroli yenye risasi. Risasi ilipoondolewa nchini, kama ilivyoondolewa Afrika yote ya kusini mwa Sahara kufikia mwanzoni mwa 2006, rangi zile zilififia. Plagi nzuri ya leo inaweza kuonekana nyeupe kwa jicho la zamani. Kabla hawajazoea, likaingia balaa la uchakachuaji. Mafuta ya taa yalikuwa na ushuru mdogo, na yakawa yanaongezwa kwenye petroli njiani. EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, walianza kuweka vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010, na bajeti ya 2011/12 ikapandisha ushuru wa mafuta ya taa ili faida ya kuchanganya ife. Miaka ile fundi angeweza kuseti kabureta asubuhi kwa petroli ya kituo, na jioni mwenye pikipiki akajaza ya chupa kutoka mezani kwa jirani, pikipiki ikatoa moshi na kugonga. Nani angejua kosa ni la jeti, la sponji au la chupa? Fundi alishika alichoweza kukishika. Alichukua uzi mmoja wa waya wa breki, akautumbukiza kwenye tundu la jeti na kuuzungusha mpaka tundu likapanuka. Jeti iliyopanuliwa namna hiyo haina namba tena, na tundu lake si la duara. Nimezikataa zikiletwa kama sampuli ya kununulia nyingine.

Kipo kipimo kizuri kuliko waya, na hakina gharama. Ukiwa unaendesha kwa resi kubwa kwenye tambarare, vuta choki kidogo. Pikipiki ikiongeza nguvu, mafuta yalikuwa pungufu. Ikizama na kukohoa, yalikuwa yanatosha au yamezidi. Baadhi ya mafundi wa hapa wanafanya pia ujanja wa kuweka washa nyembamba chini ya kipini cha sindano, pale ambapo kuhamisha mkato mzima ni kwingi mno. Huo ni ufundi, na nauheshimu.

Lakini jeti hata ikipatikana sawasawa, bado kuna vumbi. Msimu wa kiangazi barabara za ndani za Iramba zinatoa vumbi jekundu laini linaloingia hata kwenye sanduku lililofungwa. Injini isiyo na sponji inalivuta moja kwa moja. Kaunta yangu inanieleza mambo kwa mpangilio uleule: kijana ananunua ekzosi, baada ya muda plagi, halafu anaulizia oili kila mara kwa sababu injini inaila, halafu anakuja na uso mrefu kuulizia ringi. Ringi hazimtoshi, maana silinda imelika, inabidi ikachongwe Singida mjini na pistoni ya saizi, 0.25, kisha 0.50, mpaka bloku linafika mwisho wa kuchongwa. Jeti hairekebishi vumbi.

Nikaona pia jambo ambalo haliandikwi kwenye vitabu vya ufundi. Anayeendesha pikipiki ya tajiri kwa hesabu ya kila siku anatoa sponji bila wasiwasi, kwa kuwa ringi zitanunuliwa na tajiri. Anayeendesha kwa mkataba, yule ambaye pikipiki itakuwa yake akimaliza kulipa, anakuja kununua sponji mwenyewe, na wakati mwingine ananunua mbili. Ukitaka kujua pikipiki ni ya nani, fungua boksi la filta.

Huko duniani ubishi huu unaelekea kwingine. India ilipoanza kutumia viwango vipya vya moshi tarehe 1 Aprili 2020, kabureta ziliondolewa kwenye karibu pikipiki zote mpya za huko, zikaingia pampu za kunyunyizia mafuta zenye kompyuta na kifaa cha kunusa moshi kwenye ekzosi. Mashine hiyo inajirekebisha kwa mabadiliko madogo, hasa ukiwa kwenye mwendo wa kawaida. Mwinuko wa Iramba inaupima yenyewe. Ukivuta resi yote inafuata jedwali la kiwanda, na aliyefungua boksi na ekzosi kwa pamoja anahitaji jedwali jipya, ambalo haliwezi kupanuliwa kwa waya wa breki. Boxer na TVS zinazopita mbele ya duka langu bado ni za kabureta.

Jana kijana alisimama kaunta. "Shikamoo Mama. Naomba jeti kubwa, nimefunga ekzosi."

"Marahaba. Sponji ipo?"

"Ipo."

"Basi nenda nayo hivyohivyo, mwanangu. Hela ya jeti nunulia oili."

Hakufurahi. Kwa wengine mtakaokuja, ombi langu ni moja. Msije na jina la ekzosi wala picha yake kwenye simu. Pikipiki ikiwa na mzigo, tafuta barabara tupu yenye mwinuko mdogo, vuta resi yote, halafu shika klachi na kuzima injini papo hapo, kaa pembeni, fungua plagi, na uniletee plagi hiyo bila kuifuta. Na uje na namba ya jeti iliyomo sasa.